Kuongea Arabi Juba Siyo Kusoma Kiarabu: Tuache Kuwalaumu Watoto



Ndugu zangu Waislamu, wazazi, walimu na wanafunzi, leo sitawasema watu wa mbali. Nitatusema sisi wenyewe, tunaopeleka watoto madrasa halafu tunawapiga kwa kosa ambalo si lao.

Anayeijua bandari ya Juba anajua lugha inayotembea pale. Tishari likifika kutoka kaskazini, mchukuzi wa Kibari, mama wa Kinuer mwenye mizigo, mfanyabiashara wa Darfur na Mganda anayeuza mafuta ya kula wote wanaelewana kwa lugha moja, Arabi Juba. Mtoto wa miaka saba anayeuza maji pale ukingoni anapatana bei kwa lugha hiyo, anatania na kutukana kwayo, na pengine anaota ndoto kwayo. Alasiri mtoto huyo huyo anaketi kwenye mkeka wa madrasa, anafunguliwa kitabu cha Kiarabu, na mstari mmoja unamshinda. Ustadh anasema mvivu. Baba naye anaongeza: "Kutwa nzima anaongea Kiarabu, kusoma kunamshindaje?"

Swali la baba huyu linaonekana lina akili, lakini ndani yake mna dhana potofu inayoharibu watoto wengi. Mtoto huyo haongei Kiarabu cha kitabu. Kiarabu cha kitabu kwake ni lugha ya kigeni, kama kilivyo kigeni kwa mtoto wa Tanga, wa Kisumu au wa Bukavu. Tofauti ni kwamba mtoto wa Tanga kila mtu anajua kuwa ni mgeni katika lugha ile, basi angalau anafundishwa pole pole. Mtoto wa Juba anahesabiwa mwenyeji, kwa hiyo hafundishwi. Anaulizwa tu kwa nini hajui.

Tuangalie mambo yenyewe, tusibishane hewani.

Katika Arabi Juba kitendo hakibadiliki kwa mtu. Kwenda ni "ruwa": ana ruwa, ita ruwa, umon ruwa. Ukitaka kusema sasa hivi unatia "gi" mbele, ukitaka kusema baadaye unatia "bi", basi umemaliza. Katika Kiarabu cha kitabu kwanza neno lenyewe ni jingine, ni dhahaba, halafu linageuka kwa mimi, kwa wewe mwanamume, kwa wewe mwanamke, kwa wawili, kwa wengi, kwa jana na kwa leo. Kuongea kwa Juba ni "wonosu". Kitabuni ni takallama. Kuona ni "shufu". Kitabuni ni ra'aa. Kuleta ni "jibu" (na hapa sisi Waswahili tunacheka, maana kwetu jibu ni la swali). Kitabuni utakuta ahdhara. Mtoto anasema "kitab tai", yaani kitabu changu; kitabu chenyewe kinasema kitaabii. Haya si maneno ya nadra ya washairi wa zamani. Kwenda, kusema, kuona na kuleta ni maneno ya kila siku, na katika yote manne mtoto wetu hana hata moja la kuanzia. Hivi kweli huyu ni mwenyeji?

Njoo kwenye sauti. Arabi Juba ni lugha iliyokua midomoni mwa watu wa makabila mengi, na kila sauti nzito ya Kiarabu imelainishwa humo. Ain imetoka. Haa ya kooni imekuwa h nyepesi au imepotea kabisa. Swad imekuwa sin, twa imekuwa ta, kha imekuwa k, ghain na qaf zimekuwa g. Hakuna aibu yoyote hapo, lugha zote hufanya hivyo, na Kiswahili kimefanya hivyo hivyo. Lakini fikiria mtoto huyo anapoambiwa aandike imla. Chukua maneno matatu ambayo sisi sote tunayo: samaki, sabuni na sahani. Mdomoni mwetu yote yanaanza na s moja. Kwenye maandishi ya Kiarabu la kwanza ni sin, mawili yanayofuata ni swad. Mtoto atajuaje, ikiwa sikio lake halijawahi kufundishwa kwamba kuna s mbili? Anakisia, na akikosea anapigwa. Kesho anakisia tena, ila safari hii mkono unatetemeka.

Halafu herufi zenyewe. Sisi tuliozizoea tumesahau zilivyokuwa zikitusumbua. Ba, ta na tha ni umbo moja, kinachotofautisha ni nukta tu; jim, haa na kha vile vile. Herufi moja ina sura ya mwanzo wa neno, ya katikati, ya mwisho na ya peke yake. Ziko sita zinazokataa kushikana na inayofuata: alif, dal, dhal, ra, zai na wau. Na mtoto huyu asubuhi alikuwa shule ya serikali akisoma Kiingereza kuanzia kushoto, mchana anageuzwa kuanzia kulia, kisha akifika kwenye tarakimu ndani ya mstari ule ule wa Kiarabu anatakiwa azisome kuanzia kushoto tena. Mtoto mdogo anaweza kuyajua yote haya, wala si muujiza, lakini anahitaji mtu wa kumwonyesha moja moja. Mara nyingi anachopata ni kuimba alfabeti yote kwa sauti pamoja na wenzake arobaini, na ukimwonyesha herufi moja katikati ya neno hajui ni ipi.

Tufike sasa penye kidonda chenyewe, na hapa ninajua baadhi ya masheikh watanikasirikia. Mtoto wetu akihitimu juzuu ya Amma tunafanya sherehe, tunapika pilau, tunasema mashaallah, kijana anasoma Kiarabu. Je, ni kweli anasoma? Msahafu una irabu zote: fat-ha, kasra, dhuma, sukuni, shadda. Kila herufi imeelezwa itamkwe vipi. Mpe kijana huyo gazeti la Kiarabu, au barua, au kitabu cha fiqhi kisicho na irabu, uone. Ananyamaza. Ananyamaza kwa sababu katika maandishi ya kawaida irabu fupi haziandikwi. Anaona kaf, ta na ba peke yake. Inaweza kuwa kataba, aliandika. Inaweza kuwa kutiba, iliandikwa. Inaweza kuwa kutub, vitabu. Anayejua lugha anaangalia sentensi, anaelewa, na kwa kuelewa ndipo anatamka sawasawa. Kwa maneno mengine, katika Kiarabu cha kawaida inabidi uelewe ndipo uweze kusoma. Sisi tunawaambia watoto wasome kwanza, kuelewa kutakuja baadaye. Kutakuja lini? Wengi wanaacha madrasa wakiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, na hiyo "baadaye" haijafika.

Nisieleweke vibaya. Kusoma Qur'ani kwa kuitamka ni ibada na ina thawabu yake, hata kwa asiyejua maana. Wala sisemi tuache kuhifadhisha. Ninachosema ni kwamba tumeita jambo moja kwa jina la jambo jingine. Kutamka Msahafu ni kitu kimoja, kusoma Kiarabu ni kitu cha pili, na tunamlaumu mtoto kwa kutokuwa na cha pili wakati tumempa cha kwanza tu. Kuna hadithi mashuhuri kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba anayesoma Qur'ani kwa kubabaika na kupata tabu ana ujira mara mbili. Ninawasikia walimu wakiitaja hadithi hii kila mzazi anapolalamika. Ndugu yangu, ujira huo ni wa mtoto anayebabaika. Sijaona palipoandikwa kwamba na mwalimu aliyemwacha ababaike miaka sita naye analipwa.

Juba ina mtihani mwingine ambao madrasa za Mombasa au Dar es Salaam hazina. Khalwa nyingi za Sudan zinasoma Qur'ani kwa riwaya ya ad-Duri kutoka kwa Abu Amr, ambapo sisi wa Afrika Mashariki tunasoma kwa Hafs. Sasa mtoto amehifadhishwa Khartoum, kwa ubao na wino, naye katika al-Fatiha anasoma "maliki" kwa kufupisha. Anakuja Juba, anakutana na ustadh aliyesomea Uganda au Kenya mwenye Msahafu wa Hafs uliochapwa Madina, ambao una "maaliki" kwa kuvuta. Anapigwa bakora kwa kukosea Fatiha! Mtoto hakukosea. Kisomo chake ni mutawaatir, kimepokewa na umma karne kwa karne. Aliyekosea ni mwenye bakora, na mtoto ameondoka akijua jambo moja tu, kwamba hata alichokuwa anakijua hakijui.

Kuna watakaosema, mbona wazee wetu walisoma hivi hivi na dini ikasimama? Tunawaheshimu wazee. Wazee wa mtaa wa Malakia pale Juba, na ndugu zao Wanubi waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891 kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha, ambao wajukuu zao leo wako Bombo nchini Uganda na Kibera jijini Nairobi, wamehifadhi swala, saumu na Qur'ani kwa zaidi ya miaka mia moja wakiwa mbali na kila chuo kikubwa. Hilo ni jambo la kuwashukuru. Na lugha yao, Kinubi, ni ndugu wa damu wa Arabi Juba. Lakini kaa na Wanubi uwaulize wangapi kati yao, kwa nguvu ya Kinubi peke yake, wanafungua tafsiri ya Ibn Kathir wakaisoma. Wanaoisoma ni wale waliokwenda kukaa chini wakajifunza nahwu na sarfu kama mgeni mwingine yeyote. Kinubi hakikuwafungulia mlango huo, na Arabi Juba hakitawafungulia watoto wetu.

Kosa hili si letu la kwanza, limeshafanywa na serikali nzima na matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1928 Waingereza waliitisha mkutano wa lugha pale Rejaf, kilomita chache kusini ya Juba, wakachagua lugha za Kusini zitakazofundishiwa, kama Kidinka, Kibari, Kinuer na Kizande, ziandikwe kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1930 wakatangaza siasa ya kukitenga Kiarabu na Kusini. Hiyo ilikuwa dhuluma ya upande mmoja. Kisha wakaja watawala wa Khartoum baada ya uhuru na dhuluma ya upande wa pili: mwaka 1957 shule za wamisionari zikachukuliwa na serikali, Kiarabu kikasukumwa madarasani, na mwaka 1960 hata siku ya mapumziko ya Kusini ikahamishwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa. Walidhani mtu wa Kusini kwa kuwa anaongea Kiarabu cha sokoni atameza mtaala wa Omdurman bila shida. Hakumeza. Wengi wakaanza kuziona herufi za Kiarabu kama bendera ya aliyewaonea. Makubaliano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yakakifanya Kiingereza lugha kuu ya Kusini, na katiba ya mwaka 2011 ikakifanya lugha rasmi ya nchi mpya. Cha ajabu ni kwamba Khartoum yenyewe ina Taasisi ya Kimataifa ya Lugha ya Kiarabu tangu mwaka 1974, iliyoanzishwa kuandaa walimu wa kufundisha Kiarabu kwa wasio Waarabu. Kwa hiyo elimu ya kwamba Kiarabu kinaweza kuwa lugha ya kigeni, na kina namna yake ya kufundishwa, ilikuwepo. Haikufika kwenye mkeka wa mtoto.

Sisi sasa tunarudia kosa lile lile, ila tumelivika kanzu.

Basi tufanye nini? Mimi nasema tuanze kwa kukubali kwa ulimi wetu kwamba mtoto huyu anajifunza lugha ya kigeni. Likikubaliwa hilo mengi yananyooka yenyewe. Mwalimu atafundisha sikio kabla ya mkono: siku kadhaa za kusikiliza sin na swad, ta na twa, haa na ha, bila kuandika chochote, mpaka mtoto akizisikia anacheka kwa kuzitofautisha. Atafundisha maneno kabla ya kurasa. Na hapa sisi watu wa Pwani tuna urithi ambao tumeutupa kwa mikono yetu. Mababu zetu wa Pate na Lamu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Zipo hati za tenzi za tangu karne ya 18 zilizoandikwa hivyo, na watu waliandikiana barua za biashara na za mapenzi kwa herufi hizo. Mtoto wa wakati ule aliweza kuzisoma herufi kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kazi ya kuzijua herufi na kazi ya kuijua lugha hazikumwangukia kwa pamoja.

Kwa nini tusifanye hivyo Juba? Arabi Juba siku hizi kikiandikwa kwenye simu kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, ndiyo maana kijana anatuma ujumbe wa Arabi Juba kutwa na bado herufi ya jim hajaizoea. Mwandikie maneno yake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Mwandikie bahar, maana mto wa Nile pale Juba wanauita bahari, na jina lake la Kiarabu sehemu ile ni Bahr al-Jabal. Neno hilo analijua, analiona kila siku, analinywa. Akishalisoma kwa herufi mwambie: neno hili hili limo katika Qur'ani, katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipopiga kwa fimbo yake maji yakagawanyika, na pale maana yake ni bahari kubwa ya chumvi. Halafu mwambie kwamba mama yake Musa alipoambiwa amtie mtoto majini neno lililotumika ni jingine, ni yamm. Kwa dakika kumi mtoto amejifunza kusoma neno, amejua kwamba lugha yake na lugha ya kitabu ni ndugu lakini si pacha, na ameonja maana. Linganisha na dakika kumi za kuimba.

Irabu nazo ziondolewe kidogo kidogo kwenye maneno anayoyajua tayari, siyo zote kwa siku moja. Na vipo vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya wasio Waarabu, kama vile vya Dkt. V. Abdur Rahim vilivyotumika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, vinavyoanza na "hiki ni nini?" kabla ya kufika kwenye nahwu. Vinafaa zaidi kwa wakubwa kidogo, lakini mwalimu mwenye akili atachota humo.

Utaniambia hatuna walimu. Tunao, tunawapita njiani. Tangu vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023, watu wengi wenye asili ya Kusini wamerudi wakipitia Renk, wengine kwa mashua hadi Malakal na kuendelea. Miongoni mwao wamo watoto waliosoma shule za Khartoum kwa Kiarabu tangu darasa la kwanza. Hao wanalisoma gazeti lisilo na irabu kama wanavyokunywa maji. Sasa hivi shuleni wanakaa kimya nyuma ya darasa kwa sababu kila kitu ni Kiingereza, na wanahesabiwa wajinga. Wamo pia walimu watu wazima waliosomeshea Kiarabu, wasiopata kazi kwa sababu Kiingereza hawana. Madrasa ngapi zimemwita hata mmoja wao? Mweke msichana wa miaka kumi na minne aliyesomea Omdurman akae na wadogo watano, kila siku nusu saa, awasomee na wamsomee. Wao watapata Kiarabu, naye atapata heshima aliyoipoteza asubuhi. Haihitaji mfadhili kutoka Ghuba.

Na wasomaji wa Tanzania, Kenya na Kongo msikae mkidhani ninawasema watu wa Juba peke yao. Nanyi mna mtego wenu: kitabu, kalamu, habari, lakini, wakati. Mnawaambia watoto Kiswahili kimejaa Kiarabu, basi Kiarabu ni rahisi. Mtoto anakutana na hadith akidhani ni ngano ya sungura, na qalb anaitamka kalb, moyo ukawa mbwa, tena ndani ya swala.

Mzazi, nina ombi moja tu. Leo baada ya Magharibi chukua kitabu cha mtoto wako, chagua maneno matatu kwenye ukurasa aliokwisha kuusoma, umwulize yana maana gani. Akiyajua, mwombee ustadh wake dua. Asipoyajua, weka mkono wako chini. Kesho nenda madrasa ukamwulize mwalimu, kwa adabu, somo la maana linafundishwa siku gani, na ukienda mchukulie na ada ya miezi mitatu unayodaiwa, maana naye ana watoto.

Wabillahi tawfiiq.